Aliyekuwa Akiendesha

...maana ni majina mawili tu, la mume na la baba yake, Abdallah Mansuri, hayajazi hata nusu ya mstari, kalamu iko mkononi na wino unatoka, amekwisha kuujaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, sasa kinachomshinda ni nini, Munira anajiuliza, na macho yake hayabanduki kwenye swali la saba, Jina kamili la aliyekuwa akiendesha chombo, na mbele ya swali vinukta vimepangwa mpaka ukingoni mwa karatasi kama sisimizi wanaokwenda msibani, kimya, mmoja nyuma ya mwingine... "Umemaliza, dada?" anauliza Furaha, yule binti wa bima, bila kuinua uso kwenye simu, na Munira anajibu, "Bado," na sauti inamwishia hapo hapo chini ya kidevu, hana hakika kama imefika mezani, kwa sababu chumba hiki si cha bima peke yake, ni cha bima na fotokopi na kutuma pesa, na mashine ya fotokopi inakohoa, na feni inazunguka kwa kujivuta, na watu kwenye benchi wanaongea kama wako barazani kwao, na kushoto kwake amekaa Dulla, mume wake, aliyefika jana mchana kutoka Kanga anakojenga nyumba ya watu, saruji bado imemganda kwenye vidole vya miguu, goti lake linatikisika na kuitikisa benchi nzima, naye anasogeza mdomo karibu na mtandio wake, "Andika basi, Mama Taufiki. Abdallah Mansuri. Kama tulivyosema."

Kama tulivyosema, lakini yeye hakusema kitu, aliyesema ni Dulla, jana, mlangoni, yeye alikuwa amempakata Taufiki ananyonya, na mtu mwenye mtoto kifuani akinyamaza watu huhesabu amekubali, na mtu kama yeye akinyamaza ndiyo kabisa, kwani lini hakunyamaza, hata harusini kwake shehe alimrudia mara tatu mpaka shangazi akamfinya paja... maswali sita ya mwanzo yamekwenda vizuri, hayakumtoa jasho, namba ya usajili, tarehe ya ajali, Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, mahali, barabara ya udongo kutoka Baleni kuja Kilindoni, jina la aliyeumia, Bimkubwa binti Hafidhi, jeraha, mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti, yote ameyaandika kwa mwandiko wake ule ule wa darasa la saba, herufi zimesimama sawa kama watoto mstarini, hakuna palipofutwa, mwalimu wa imla alikuwa akilinyanyua daftari lake darasa zima walione na kusema, "Mtoto huyu ulimi wake umehamia mkononi," na tangu hapo Baleni nzima yeye ndiye mwandishi, barua ya kuomba ruhusa shuleni, fomu ya kikundi cha mwani, jina la marehemu la kupelekwa ofisi ya kijiji, wanamletea, wanamwambia, anaandika, na walichomwambia ndicho kinachosomeka, hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, na hata hiki cha leo ameambiwa tu, aandike tu, kama barua za watu... lakini barua za watu zilikuwa za watu.

Na Furaha aliwaeleza tangu walipoingia, aliingiza namba ya skuta kwenye simu yake akatabasamu, "Bima yenu iko hai, mpaka Novemba," na Dulla akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, ndipo Furaha akaongeza, kwa upole, kama anayekwambia nguo yako imechanika nyuma, "Ila kampuni wanaangalia na dereva, kaka yangu. Leseni yake ilingane na chombo. Kama alikuwa na lena, ile leseni ya kujifunzia, lena ya pikipiki ndogo ni injini ya chini ya mia na ishirini na tano, na mwanafunzi habebi mtu. Chombo chenu injini yake inasoma mia arobaini na tisa. Hapo hawalipi, inakuwa kama bima haipo," na Dulla hakupepesa hata jicho, alijipiga mfuko wa shati, "Leseni ninayo, kamili, mimi ndiye niliyekuwa naendesha," akasema haraka hivyo, hivyo hivyo, na Munira akatazama chini, na lena yake mwenyewe iko humo humo kwenye pochi yake, chini ya nepi ya Taufiki, ina picha yake amekodoa macho... kwa hiyo bima iko hai, iko hai kwa skuta, iko hai kwa Dulla, na akikaa yeye inakufa, akishuka inafufuka, kumbe Alhamisi zote zile walikuwa wanapita barabarani, yeye mbele na Bimkubwa, mama mkwe wake, nyuma, kama watu waliolala ndani ya chandarua chenye tundu, wanaisikia raha ya chandarua, mbu nao wanajua pa kuingilia.

"Pole sana, shemeji," inasema sauti upande wa pili wa benchi, ni Muhidini wa bodaboda, amekuja kulipia bima ya pikipiki yake, anafikicha kofia ya chuma kwa mkono wa shati, "Mama anaendeleaje?" na kabla Munira hajapata la kujibu Dulla ameshajibu, anaendelea, tunamshukuru Mungu, na Muhidini anacheka peke yake, "Lakini skuta yenu ile, Dulla, eti mnaiita ya kina mama! Ina moto ile, wewe! Juzi juzi imenipita pale mchangani, nimebaki nakula vumbi, namwona mama yako nyuma kakaa upande kama bibi harusi, ananipungia!" na Dulla, "Utakuwa ulifananisha," na Muhidini, "Nimfananishe Bimkubwa? Na ile miwani yake?" na benchi inacheka, na goti la Dulla linatikisika zaidi, na Munira anainamia karatasi kama anayesoma, lakini hasomi, kwa sababu ni kweli, alimpita Muhidini, siku ile, kwenye mchanga, alimpita.

Ina moto ile, Muhidini amejua kwa kupitwa tu, na wao Baleni hawakujua, au hawakutaka kujua, ilipofika siku ile kutoka Mbagala, imevuka Nyamisati kwa boti imelazwa katikati ya kreti za soda, watu walikuja kuitazama kama wanaokuja kumwona mtoto mchanga, wakainama wakayashika matairi, matairi madogo, ya mviringo mdogo kama ya toroli, na wote wakasema neno lile lile, hiki kidogo hiki, hakina hata gia, hiki cha mwanamke, maana kwao pikipiki hupimwa kwa tairi, tairi kubwa ndiyo pikipiki kubwa, tairi dogo ndiyo chombo cha kwendea sokoni, nani atainama kuuliza chini ya kiti mna nini, na Dulla akasema mbele ya watu, "Skuta ni skuta, zote ndogo," akaenda kumkatia lena ya ndogo, akachonga vibao viwili kutoka kwenye dumu la mafuta ya kupikia, akachora herufi L mbili kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye boti ya mjomba wake, moja mbele, moja nyuma, akavifunga kwa waya, "Umeshakuwa mwanafunzi tena, Mama Taufiki," na akawa anamkimbilia nyuma kwenye uwanja wa shule baada ya alasiri, ameshika kiti, miguu peku, anahema, "Usiangalie tairi, angalia mbele! Mbele!" na skuta inamvuta kama ndama aliyemwona mama yake, na kina mama waliotoka kwenye mwani wamesimama kando ya uwanja na magunia yao, "Jamani, huyu asiyeitika hodi leo anapiga honi!" na mwingine, "Munira, ukifika Kirongwe utuletee korosho!" na yeye anacheka ndani ya mtandio, anacheka kwa nguvu, na hakuna anayemsikia kwa sababu ya injini... huyu ndiye anayemtikisia benchi sasa, si mtu mbaya, mtu mbaya hakimbii peku uwanja mzima ameshika kiti cha mkewe, ana hofu tu, ni mama yake yule, mguu ni wa mama yake, daktari amesema wiki sita za plasta, na mfupa ukikataa kuunga itabidi avushwe bahari, apelekwe Dar, na kuvushwa ni pesa.

Lakini aliyezisoma karatasi ni nani, Munira anajiuliza, na swali hili halimo kwenye fomu, hili hakuna anayemuuliza, ni nani aliyezipokea karatasi za skuta akaziweka ndani ya kopo la biskuti, ni yeye, na hakuna karatasi inayopita mikononi mwake bila kusomwa, hata iliyofungiwa maandazi, alisoma kadi, imeandikwa Kiingereza, Kiingereza hakijui sana, lakini tarakimu hazina Kiingereza, 149, na wiki iliyofuata akaisoma lena, chini ya 125, na zote mbili akazilaza ndani ya kopo moja, moja juu ya nyingine, zikalala humo wiki kumi na moja, na kila akifungua kuchukua sindano anaziona, mia arobaini na tisa, mia na ishirini na tano, mtoto wa darasa la tatu anajua ipi kubwa, na hakusema, kwa nini hakusema, alijiambia ni haya, alijiambia mwanamke gani anasimama mbele ya mume mwenye furaha na kumwambia umekosea hesabu, alijiambia labda ni tarakimu za mambo mawili tofauti... na si haya, Munira, si haya, usijidanganye hapa kwenye benchi ya watu, hukusema kwa sababu ungesema ungeshushwa. Ulitaka kuendesha.

Ndiyo hiyo. Alitaka kuendesha, na hakuwahi kutaka kitu namna ile, si nguo, si sherehe, ni ile kupinda mkono kidogo tu na barabara inakuja yenyewe, na minazi inapita pande zote mbili kama watu wanaopisha njia, na nyuma yake kila Alhamisi, siku ya kliniki ya presha, amekaa Bimkubwa, amekaa upande, mkono mmoja umemshika kiuno, mwingine umeshika miwani, na hili hakumwambia mtu, atamwambia nani, kwamba nyumbani wao wawili wana maneno matatu tu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, maji yapo, yapo, basi, miaka mitatu, mkwe na mkwe, kila mmoja anamstahi mwenzake mpaka wanapishana jikoni kwa kujibana ukutani, lakini juu ya skuta hawatazamani, yeye anatazama mbele na mama anatazama mashamba, na mtu asiyetazamwa husema, Bimkubwa alianza Alhamisi ya pili, pale penye mihogo, "Mimi nilikuja hapa bibi harusi kwa miguu, mwanangu, kutoka Kirongwe, viatu nimeshika mkononi visichakae," na Munira akamjibu, na kwa sababu ya upepo akajibu kwa sauti, alipiga kelele kabisa, "Ulikuja na nani, mama?" na sauti ikatoka, nene, ya mtu mzima, hakuijua kama ni yake, na kutoka hapo wakawa wanaongea njia nzima kwa kupigiana kelele kama walio ng'ambo mbili za mto, mama akimweleza alivyokuwa akitaka kuwa mkunga na baba yake akakataa, alivyozika watoto wawili kabla ya Dulla, na wakikaribia msikiti anamfinya kiuno, "Usipunguze mwendo hapa. Waache wanione," na wakifika nyumbani anashuka, anaweka sawa khanga yake, na mambo yanarudi palepale, maji yapo, yapo.

Na Alhamisi hii ilikuwa kuti tu, kuti kavu limelala katikati ya njia baada ya mvua, aliliona, alishika breki, na kwa haraka mkono wa kulia ukapinda moto wote, skuta ikaruka, ikaruka kwa nguvu ambayo haikuwa ya matairi yale, na mikono yake nayo haikuwa imefundishwa nguvu ile, na mbingu ikageuka, na alipoinuka alimkuta Bimkubwa amekaa kwenye matope, mguu umelala visivyo, miwani iko puani vilevile, akamuuliza, "Umeumia, mwanangu?" Yeye aliyeumia anamuuliza asiyeumia... kisha akasema, "Nivutie khanga mguuni, wanakuja watu."

"Mama Taufiki," ananong'ona Dulla, "Furaha anatuangalia," na Furaha hawaangalii, anamrudishia mtu chenji, lakini Munira anaitikia kwa kichwa, na kalamu imeshuka kidogo, iko juu ya kinukta cha kwanza, unene wa uzi tu, Abdallah, herufi ya kwanza A, mlima na ngazi, ni kitu gani... na akiandika, basi Alhamisi ile Dulla hakuwa Kanga, hakuwa juu ya ukuta na mafundi sita wanampandishia matofali, hao sita nao wanyamaze, na Muhidini huyu hapa alifananisha, na Biubwa jirani yao naye alisikia vibaya, maana Biubwa alikuja wodini jana na uji kwenye chupa, akauliza mbele ya vitanda vyote, "Kwani nani alikuwa amekupakia, dada yangu?" na Dulla akakohoa, na Munira alikuwa nje chini ya dirisha anasuuza kikombe, akakishika kikombe kisilie, akasikia sauti ya Bimkubwa, ile ile ya kwenye mihogo, ya kupiga kelele na upepo, "Mkwe wangu. Na alikuwa anakwenda vizuri, kuti ndilo halikuwa na adabu," na wodi nzima ikacheka, hata wenye kuumwa, na Dulla akainama akamnong'oneza mama yake, mambo ya bima, mambo ya leseni, kwa muda mrefu, na Bimkubwa akajibu neno moja tu, akageukia ukutani, "Mwenye kuandika ni yeye."

Mwenye kuandika ni yeye... jana alilisikia neno hili kama mtu aliyechoka anayewaachia wenyewe, fanyeni mtakavyo, na alilichukua hivyo mpaka nyumbani, akalala nalo hivyo, na sasa hivi, hapa, mashine ya fotokopi imenyamaza ghafla, analisikia upya na si hivyo hata kidogo, siku moja atakuja mtu wa kampuni na mkoba, atavuta kiti pale kitandani, atamsomea Bimkubwa swali la saba, na mama itabidi aseme ndiyo, alikuwa mwanangu, aseme na miwani yake puani, aseme hakukuwa na Alhamisi, hakukuwa na mihogo wala msikiti, kwamba hajawahi kumpungia mtu mkono akila vumbi, mama hakuwaachia wenyewe, mama alisema lake wodini mbele ya watu, kisha akageuka ukutani asimwone mkwe wake atafanya nini, kama wanavyokaa kwenye skuta, asiyetazamwa aweze kusema. Na yeye Munira, akiandika Abdallah, basi yeye hajaendesha. Hajaendesha kabisa. Atakuwa mwanamke aliyekuwa nyumbani ananyonyesha, na karatasi itasema hivyo milele, kwa mwandiko wake.

Lakini mguu, mguu hauungwi na mwandiko mzuri, anajiambia, usijifanye mtakatifu juu ya mguu wa mtu, akiandika Munira bima haitatoa kitu, na lena huenda ikachukuliwa, na Dulla atanuna, na mfupa ukikataa je... na anaiona skuta ilivyoegeshwa uani, bampa la mbele limepasuka, kioo kimoja hakipo, vibao vya L bado vimening'inia kwa waya, inawaka, jana Dulla aliiwasha ikawaka mara moja, na huyu Muhidini anayefikicha kofia, akiitaja macho yanamtoka, ina moto ile, wewe... iuzwe. Neno linamjia hivyo, fupi, na linamchoma kifuani kama chai ya moto iliyomezwa kwa haraka, iuzwe, ivushe mguu wa mama kama itabidi kuvuka, na kama haitabidi, basi iuzwe inunuliwe ndogo ya kweli, au isinunuliwe, arudi kusimama kando ya barabara na Taufiki mgongoni akingoja lifti ya gari la nazi, skuta itakwenda na mwenye kuinunua, lakini kuendesha hakutakwenda, hakuuziki, Alhamisi kumi zitabaki zake na za Bimkubwa, na ya kumi na moja nayo, ile ya kuti, nayo ni yake, kosa ni lake, tarakimu alizisoma yeye, na atamweleza Dulla leo leo, wakiwa njiani, kuhusu kopo la biskuti, atamwambia nilijua, na labda atamwambia huku wanatembea, yeye mbele na Dulla nyuma.

"Dada, vipi huko, umemaliza?" Furaha anauliza tena, safari hii ameinua uso, na Dulla anawahi kama kawaida, "Anamalizia, anamalizia," na Munira anasema, "La saba sijaanza," na sauti inatoka ile ya kwenye upepo, ya kupigiana kelele kwenye mihogo, kubwa mno kwa chumba kidogo kama hiki, mpaka Muhidini anaacha kufikicha kofia na mtu wa fotokopi anageuka, na goti la Dulla linaacha kutikisika, na kalamu bado iko pale pale juu ya kinukta cha kwanza, na feni inajivuta, na vinukta vinangoja, na Munira anavipima kwa macho mpaka ukingoni, Munira Zubery, nayo ni majina mawili tu, yanaenea.